Mwaka Skola Alipoacha Kuitikia

Binti yangu Ana alinipigia simu mimi nikiwa kwangu Kibondo, nimekaa kwenye kigoda nachambua mbegu za maharage. Akaniambia nije Kasulu haraka. Nikamwuliza kuna msiba? Akasema hakuna msiba baba, ila Jeni hayuko sawa. Jeni ni binti yake, mjukuu wangu, alikuwa amejifungua mtoto wa kwanza na hiyo ilikuwa wiki ya tano. Akasema halali hata mtoto akilala, chakula anakizungusha tu kwenye sahani, anaosha vyombo machozi yanamtoka na ukimwuliza anasema ni moshi, na pale wanapikia gesi. Nesi wa kliniki anataka mtu anayejua yeye Ana alipozaliwa mama yake alikuwaje. "Mtu huyo ni wewe tu," akasema, "wengine wote wamekufa." Nikamwambia mama yako nilishakueleza, aliteleza mtoni. Akasema, "Baba, nesi hajauliza alivyokufa. Ameuliza alivyokuwa."

Basi nikaenda. Zamani Kibondo na Kasulu ilikuwa safari ya kubeba mihogo ya kuchemsha na blanketi, maana lori likikwama unalala porini, na niliwahi kulala siku tatu na watu wenye mbuzi, lakini hayo nitayasema mahali pengine. Siku hizi ni lami, unafika hata hujapanga maneno. Kesho yake asubuhi tukaenda mimi na Ana kwa nesi. Ni msichana mdogo, umri wa Jeni mwenyewe, ana kichumba chenye meza, mizani ya kuning'iniza watoto na dirisha linalotazama foleni ya akina mama. Akanipa shikamoo, akanipa kiti, akafungua daftari. Akasema mzee, huu ni ugonjwa, unaitwa sonona, unampata mama baada ya kujifungua, na wakati mwingine unatembea kwenye ukoo, ndiyo maana nimekuita. Nikamwuliza, ni pepo? Akasema si pepo. Karogwa? Hapana. Nikamwuliza, na kiburi je, hauwezi kuwa kiburi? Akanitazama. "Kiburi kimeingiaje hapo, mzee?" Hapo ndipo ilinibidi nianze kumweleza mwaka ule. Hapa nauandika kama nilivyomweleza yeye, ila nimeongeza na mambo ambayo nesi hakuyahitaji, maana mimi nikianza kusema sijui kukata.

Mwaka ule tulikuwa tunakaa upande wa Nyakitonto, mimi na mke wangu Skolastika, uwanja mmoja na mama yangu. Mimi kazi yangu ilikuwa mizinga ya nyuki, naingia msituni siku nane, siku kumi, narudi nanuka moshi. Skola nilimtoa Muyama. Alikuwa mwanamke wa maneno. Kwetu Buha salamu si neno moja kama huku mjini, mtu anarusha mambo na kupita zake. Mwanamke anainama, anapiga viganja taratibu, anasema mwakeye, yaani mmeamkaje, anajibiwa, anauliza watoto, anajibiwa, anauliza wagonjwa, mvua, shamba, na yule mwingine naye anamrudishia vyote hivyo kimoja kimoja, na viganja vinalia muda wote. Mkamwana kwa mama mkwe ndiyo usiseme, hapo ukikata salamu katikati umemkata mkwe mwenyewe. Na hilo lilikuwa ndilo jambo la Skola. Mama yangu alikuwa mtu mgumu kumpendeza, lakini salamu za Skola zilimlegeza. Aliwahi kuwaambia majirani, "Huyu akinisalimia nasikia kama nimekula." Mimi nikitoka msituni nilikuwa nawasikia kutoka kwenye migomba, viganja na vicheko, nikajua nyumbani kwema.

Akajifungua mwanzo wa mvua, siku mbili za uchungu, damu nyingi. Mkunga alikuwa Bibi Nzeye, jirani yetu, mwanamke mrefu anayevuta kiko. Mtoto wa kike, ndiye huyu Ana. Kwa desturi yetu mwanamume haingii chumba cha mzazi mpaka kitovu kianguke na mama atolewe nje, na hata baada ya hapo wanaume wengi tulikuwa tunajikalisha nje miezi, tunaona ni mambo ya wanawake. Nikahamia jikoni, banda la udongo lililoegemea chumba kile kile. Kwa hiyo mke wangu wakati huo nilimjua kwa ukuta. Kila kilichosemwa mle ndani nilikisikia nikiwa nimekaa kwenye kuni. Niliusikia mwiko wa mama ukikwangua chungu cha uji wa ulezi. Nilisikia wanawake wanaoingia na mizigo yao ya ndizi na kuni, wanakaa chini kwenye majani, wanataniana. Mmoja alisema, "Mimi nilipozaa wa kwanza nilikula chungu kizima, mume wangu akasema heri angefuga nguruwe, nguruwe angemwuza." Wakacheka. Nikasubiri kumsikia Skola naye akicheka, maana mambo kama hayo ndiyo yake. Hakucheka. Nikasikia mwingine anamwambia, "Mzazi, twakusalimu, mbona hutuitikii?" Kimya. "Amelala?" "Macho haya hapa yako wazi." Mama yangu akawaambia mwacheni, amechoka.

Hiyo ya kuchoka ilidumu siku kama kumi. Kitovu kikaanguka, akatolewa nje na mtoto, watu wakanywa, yeye akakaa pale kwenye mkeka kama mzigo ulioshushwa. Watu wakapita kumsalimu mmoja mmoja. Aliangalia mikono yao ikipiga viganja, mikono yake ikabaki kwenye mapaja. Mtoto akilia alikuwa anamtazama muda mrefu kabla ya kumchukua, kama mtu anayejaribu kukumbuka huyu ni wa nani. Uji aliopewa ulikuwa unapoa mpaka unashika ngozi juu, mama anaurudisha jikoni nilipokaa mimi, anauweka chini kwa nguvu. "Kula wewe," ananiambia, "mkeo ameshiba dharau." Nami nikaula. Nasema ukweli, niliula karibu kila siku, ulezi mzuri wenye siagi, uliopikwa kwa ajili ya mwanamke aliyemwaga damu siku mbili, nikaula mimi mwenye afya nikashiba.

Nilimwuliza mara moja tu. Nilimkuta nyuma ya nyumba ameshika nguo ya mtoto iliyolowa, haifui, haianiki. Nikamwambia Skola, una nini? Akasema sina kitu. Nikamwambia mama analalamika humsalimii. Akasema, "Namsikia. Nataka kumwitikia. Sauti zenu zinatoka mbali, Baba Ana, na mimi nikifika pa kujibu mmeshapita." Mimi nikamwambia zinatoka hapa hapa, safisha masikio. Nilidhani nimesema jambo la kuchekesha. Jioni nililirudia kwenye pombe ya ndizi kwa rafiki yangu Bukuru na wenzake, nao wakacheka, Bukuru akasema, "Watu wa Muyama ndivyo walivyo, ukishawatolea mahari wanakukalia kichwani. Wangu asiposalimia mama, siku hiyo anakula na kuku." Nikarudi nyumbani na maneno hayo kichwani, nikasimama mlangoni nikamfokea, mtoto kwenye mkono wake. Hakujibu, nami kule kutojibu kukanizidishia hasira. Baadaye nimefikiri sana jambo hili. Mtu mwenye homa tungemgusa paji la uso. Mwenye kuhara tungeona. Huyu ugonjwa ulimkamata pale pale kwenye heshima, mahali ambapo sisi Waha hatujui kuona ugonjwa, tunaona tusi.

Mama yangu akaita kikao. Alikuja baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, mtu wa sheria nyingi, akakaa kwenye kiti pekee kilichokuwa na mgongo. Bibi Nzeye aliitwa kwa kuwa alizalisha. Mimi nilikaa karibu na mlango na Skola akakaa chini katikati yetu, mtoto akinyonya. Mtoto alikuwa na wiki ya saba. Mama akasema shitaka lake. "Wiki saba namwamkia mimi, mimi mkwe, natangulia kumpigia viganja kama mjakazi, ananipa uso wa ukuta. Nimemkosea nini? Aseme hapa." Baba mdogo akamwuliza Skola, unaumwa? Siumwi. Umepigwa? Sijapigwa. Una njaa? Sina. Basi ni nini? Skola akafikiri, tukamwona anafikiri kweli kweli, akasema, "Nimechoka." Mama akacheka kwa uchungu. "Nani hapa hajachoka?"

Bibi Nzeye alitoa kiko mdomoni. Akasema, "Mimi nimezalisha wengi. Wa hivi nimewaona wawili. Si kiburi hicho. Mmoja tulikaa naye zamu, haachwi peke yake hata kwenda msalani, akarudi mwenyewe polepole. Yule wa pili..." Mama akamkata. "Wewe kazi yako iliisha kitovu kilipoanguka. Hapa ni mambo ya ukoo." Bibi Nzeye akanitazama mimi. Mimi ndiye niliyekuwa mume, ningesema mama, mwache amalize. Nilitazama miguu yangu. Bibi Nzeye akarudisha kiko mdomoni, na huyo wa pili hatukumsikia. Baba mdogo akatoa uamuzi. Kesho kutwa nimpeleke Skola kwao Muyama akafundwe upya, arudi na wazee wake na mtungi wa pombe wa kumwomba mama radhi, na wasipoleta mtungi asirudi, na mtoto akiacha ziwa tutamchukua kwa sababu ni wa ukoo wetu. Skola akaitika kwa kichwa. Baba mdogo akaniambia, umeona, akibanwa anasikia.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kufunga mzigo. Asubuhi ile, mimi nimetoka jikoni napiga mswaki, nikasikia viganja. Skola alikuwa mbele ya mlango wa mama, ameinama, anamsalimia. Salamu nzima. Umeamkaje mama, mgongo umeamkaje, wa kwa dada yako wameamkaje, mvua ya usiku haikuvujisha? Mama alipigwa na butwaa kwanza, kisha akaanza kumrudishia, wakaenda hivyo mpaka mwisho, hakuna kilichoachwa. Akaja kwangu akanisalimia. Akamsalimia na jirani juu ya ua wa minyaa. Alimwogesha mtoto kwa maji ya vuguvugu, akampaka mafuta, akamnyonyesha pande zote mbili, akakunja nguo zake ndogo, akafagia uwanja wote mpaka njia kuu. Uso wake ulikuwa umetulia kama mtu aliyetua mzigo. Mama alikuja jikoni ananong'ona kwa furaha, machozi yanamlengalenga, "Dawa imeingia. Kikao kimemponya. Hakuna haja ya Muyama tena." Na mimi nikafurahi. Nilifurahi sana, sitaficha, nikachukua shoka na kamba nikaenda kuangalia mizinga ya karibu, naimba.

Walimkuta mtoni siku ya pili yake. Alikuwa amemlaza mtoto karibu na mama yangu, akasema anakwenda mara moja. Tukasema ameteleza akichota maji. Mama ndiye alitangulia kusema, nami nikashika hapo hapo, kwa sababu ya padre na maziko, kwa sababu ya watu wa Muyama watakaotuuliza, na baadaye kwa sababu ya huyu mtoto anayekua. Padre akamwombea, Muyama wakalia wakaondoka. Lakini ndoo ilikuwa nyumbani. Ndoo zote mbili na mtungi vilikuwa nyuma ya nyumba, vimejaa maji, alivijaza yeye mwenyewe asubuhi ile. Mimi na mama tuliishi pamoja miaka mingine mingi mpaka namzika, tukayanywa maji ya nyumba hiyo, hatukuwahi kuzitaja ndoo zile. Ana alilelewa na mama yangu kwa maziwa ya mbuzi, akakua anajua mama yake aliteleza.

Haya yote nilimwambia nesi, Ana amekaa pembeni yangu kwenye benchi. Sikumtazama. Nilitazama ile mizani ya watoto. Nilipofika kwenye ndoo nilisikia Ana anavuta pumzi, nikajua sasa ataniuliza kwa nini, na nilikuwa nimejiandaa kujibu. Kulikuwa na neno moja nililoliruka hata hapo, maana sijawahi kumwambia mtu. Nesi akaniuliza, "Asubuhi ile, mzee, alisema chochote?" Nikasema ndiyo. Aliponisalimia mimi alisema, mtoto huyu atapata mama mzuri kuliko mimi. Mimi nikadhani anajishusha, anaomba radhi. Nikamwambia wewe unatosha. Nikacheka.

Nesi aliacha kuandika. Lakini aliyesema ni Ana, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Jeni leo ameamka mzima." Nesi akamgeukia. Ana akaendelea, "Wiki tano hajaamka hivyo. Alikuwa aje na sisi hapa, akasema mama, nendeni tu, leo mimi niko vizuri. Amefua. Ametusalimia wote, na majirani. Nilikuwa nakuja kukuambia kwa furaha." Nesi akauliza, "Yuko na nani?" Ana akasema yuko na mtoto. Nesi alikuwa ameshasimama. Aliita mwenzake ashike foleni, akatoka na ndala zake za ndani, tukapakiana kwenye bajaji watu watatu na mimi mguu mmoja nje, na njia nzima Ana anapiga simu inaita haipokelewi. Kasulu ile njia ya sokoni siku ya gulio unaijua, mihogo, baiskeli, mbuzi, kila mtu ana haki ya kupita. Dereva alipiga honi mpaka ikakauka.

Jirani yao ni Mama Zuhura, mke wa mwenye duka la vitambaa, mtu wa Tanga kwa asili. Tulimkuta barazani amempakata mtoto wa Jeni. "Ameniachia sasa hivi," akasema, "kasema mwanangu namkabidhi kwako, Mama Zuhura, utamlea vyema. Nikamwambia na wewe Jeni, unanisifu kama unahama." Mtoto alikuwa ameogeshwa, ananukia mafuta. Ana hakusubiri amalize. Yeye na nesi walimpata Jeni kwenye kichochoro cha nyuma kinachoshuka bondeni, anatembea taratibu, kanga moja, mikono mitupu. Mimi magoti yangu hayakimbii tena, niliwakuta wamekaa chini kwenye vumbi wote watatu. Ana alikuwa amemkumbatia kwa nyuma kama mtu anayefunga mzigo, nesi amemshika mikono miwili, anamwambia maneno ambayo sikuyasikia. Jeni aliniona, akasema, "Shikamoo babu. Mbona mnakimbia, nilikuwa nakwenda mara moja." Ana akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Alilazwa. Wakampa dawa, na kuna mtu anakaa naye kuzungumza kila siku, na kuna zamu ya wanawake wa jumuiya, haachwi peke yake hata kwenda msalani. Sasa ni mwezi wa tatu tangu siku ile. Hajapona yote. Kuna siku anamchukua mtoto, kuna siku anageukia ukuta, na nesi anasema hizo siku za ukuta zitapungua lakini tusimharakishe wala tusifurahi mapema. Ana kwangu ana maneno machache. Ananiletea chakula, anaweka chini, anatoka. Aliniuliza jambo moja tu, siku ya tatu pale hospitali, tukiwa kwenye korido tunasubiri muda wa kuona wagonjwa. Aliniuliza Bibi Nzeye alizikwa wapi. Nikamwambia. Akasema nitakwenda, na hakusema twende.

Siku hiyo hiyo tukaingia kumwona Jeni. Alikuwa amekaa kitandani, amechoka na dawa, ulimi mzito, kikombe cha uji mkononi. Alimtazama mama yake muda mrefu. Akasema, "Nani aliwaambia mrudi?" Mimi nikafungua mdomo niseme. Ana akasema, "Mama yangu," akamshikia kikombe vizuri, akamwambia anywe kabla hakijapoa.